Akaunti ya Kustaafu Aliyoiacha Mwenzi Wako Marekani: Itabaki kwa Jina la Nani, na Kodi Italipwa Lini?

Mtu aliyezoea mifuko ya hifadhi ya jamii ya Afrika Mashariki, ambako mwanachama akifariki familia hubeba cheti cha kifo na hati ya msimamizi wa mirathi hadi ofisini kisha ikasubiri mafao, hushangaa anapokutana na utaratibu wa Marekani kwa mara ya kwanza. Nchini humo, mbali na pensheni ya taifa ya Social Security, akiba kubwa ya uzeeni hukaa katika akaunti ya mtu binafsi inayotunzwa na kampuni ya fedha. Mwenye akaunti akifariki, swali la kwanza si nani ameteuliwa kusimamia mirathi, bali ni jina la nani limeandikwa kwenye fomu ya mnufaika. Kama jina hilo ni la mke au mume, kuna swali la pili ambalo wengi hawaulizi hadi wakati umeshapita: je, kuanzia sasa fedha hizi zitakaa kwa jina la mjane, au zitabaki kwa jina la marehemu? Kwa sehemu kubwa, kodi na adhabu zote zinazofuata hutegemea jibu la swali hilo la pili.

Makala haya yanahusu akaunti za aina mbili hasa. Ya kwanza ni 401(k), ambayo hufunguliwa kupitia kwa mwajiri na ilitokana na sheria ya kodi ya mwaka 1978. Ya pili ni IRA, ambayo mtu huifungua mwenyewe, na ilianzishwa na sheria ya mwaka 1974. Kila moja ina umbo la kawaida na umbo la Roth (ambamo kodi hulipwa fedha zinapoingia), nami nitaanza na la kawaida kwa kuwa ndilo lenye matatizo. Ninapoandika mjane, maelezo ni yale yale kwa mgane, kwa sababu sheria haitofautishi.

Katika akaunti ya kawaida, fedha huingia kabla hazijatozwa kodi ya mapato. Serikali haikusamehe fungu lake, ila iliahirisha tu kulichukua, na hulidai siku fedha zinapotoka. Kifo hakifuti deni hilo. Hapa ndipo watu huchanganya akaunti ya kustaafu na mali nyingine za urithi. Nyumba au hisa ambazo marehemu alizinunua kwa bei ndogo miaka ishirini iliyopita huhesabiwa upya kwa thamani ya siku ya kifo, hivyo mrithi akiuza kesho yake anaweza asilipe kodi yoyote ya faida. Akaunti ya kustaafu haipati nafuu hiyo. Kila dola anayoitoa mjane huandikwa kama mapato yake ya kawaida ya mwaka huo, sawa na mshahara, hata kama mtaji ulikua kwa faida ya hisa. Isipokuwa kama marehemu aliwahi kuweka fedha ambazo zilikuwa zimeshatozwa kodi, jambo ambalo huonekana kwenye Fomu 8606 za miaka iliyopita. Sehemu hiyo haitozwi tena, na ndiyo sababu karatasi za zamani za marehemu hazipaswi kuchomwa pamoja na takataka za nyumba.

Kifo huondoa kitu kimoja tu, nacho ni adhabu. Kwa kawaida, mtu akitoa fedha zake kabla ya kufikisha umri wa miaka 59 na nusu hutozwa asilimia 10 juu ya kodi ya kawaida, isipokuwa awe na sababu inayokubalika kisheria. Fedha zinazotolewa na mnufaika kwa sababu ya kifo cha mwenye akaunti hazina adhabu hiyo, hata kama mnufaika ana umri wa miaka 30. Kwenye Fomu 1099-R ambayo kampuni humtumia mjane na kuituma pia kwa Mamlaka ya Mapato, IRS, malipo ya namna hiyo huwekewa tarakimu 4, na tarakimu hiyo ndiyo humwambia mkaguzi kwamba fedha zimetoka kwa njia ya urithi.

Njia mbili, na mlango unaofunguka upande mmoja

Sheria humpa mke au mume nafasi ambayo mrithi mwingine hana. Mtoto mtu mzima, ndugu au rafiki anayerithi akaunti kutoka kwa mtu aliyefariki tangu tarehe 1 Januari 2020 kwa kawaida anatakiwa aimalize yote ifikapo mwisho wa mwaka wa kumi baada ya kifo. Kanuni hiyo ililetwa na sheria iitwayo SECURE, iliyotiwa saini Desemba 2019. Mjane hafungwi na miaka kumi. Anaweza kuihamishia akaunti kwa jina lake, ikawa kana kwamba ndiye aliyeichangia tangu mwanzo, au anaweza kuiacha kama akaunti ya urithi, ambayo huandikwa jina la marehemu pamoja na la mjane kama mnufaika. Inapokuwa ni 401(k), njia ya pili hutekelezeka ama kwa kuiacha kwa mwajiri, kama mpango wa mwajiri unaruhusu, ama kwa kuihamishia katika IRA ya urithi.

Watumishi wa kampuni za fedha mara nyingi hupendekeza njia ya kwanza, kwa sababu ni nyepesi na karatasi zake ni chache. Kwa mjane aliyekwisha kupita miaka 59 na nusu, pendekezo hilo kwa kawaida halina ubaya. Kwa mjane kijana linaweza kuwa kosa la gharama, kwani siku fedha zinapoingia kwa jina lake, msamaha wa adhabu uliotokana na kifo cha mwenzake unakufa pia. Fedha sasa ni zake, na umri unaohesabiwa ni wake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama wa miaka 52 amefiwa mwaka 2025 na mume wa miaka 58, aliyeacha dola 240,000 katika 401(k). Mama anafanya kazi ya uuguzi msaidizi na anahitaji dola 20,000 kwa ajili ya pango la nyumba na karo. Kama ameiacha akaunti kwa jina la marehemu, atalipa kodi ya mapato juu ya zile 20,000 na basi. Kama aliihamishia kwa jina lake wiki moja kabla, na hana sababu nyingine ya msamaha, atalipa kodi hiyo hiyo na dola 2,000 zaidi. Fedha ni zile zile na mhitaji ni yule yule, lakini wiki moja ya haraka imemgharimu dola elfu mbili, na itaendelea kumgharimu kila mara atakapotoa, kwa miaka saba na nusu ijayo.

Jambo ambalo ningependa kila mjane alijue kabla hajatia saini popote ni kwamba mlango huu hufunguka upande mmoja. Aliyeiacha akaunti kama ya urithi anaweza kuihamishia kwa jina lake baadaye, kwa mfano akifikisha miaka 59 na nusu. Aliyekwisha kuifanya yake hawezi kuirudisha iwe ya marehemu. Anaweza pia kugawa, akahamisha sehemu ambayo hataigusa kwa miaka mingi na kuacha nyingine mahali penye msamaha. Kwa hiyo, kwa mjane aliye chini ya umri huo, kusubiri humpotezea kidogo sana, na haraka inaweza kumpotezea mengi.

Ipo hata njia ya kuifanya yako bila kukusudia. Mjane ambaye ndiye mnufaika pekee wa IRA akiingiza mchango wake mwenyewe katika akaunti ile ya urithi, au akiacha kutoa kiwango ambacho mnufaika analazimika kukitoa mwaka huo, sheria inaweza kumhesabu kuwa ameshaichukua iwe yake.

Umri wa marehemu nao una kazi

Serikali haiahirishi kodi milele. Mwenye akaunti ya kawaida akifikia umri uliowekwa hulazimika kutoa kiwango fulani kila mwaka. Kwa waliozaliwa kati ya mwaka 1951 na 1959 umri huo ni miaka 73, na kwa waliozaliwa kuanzia 1960 ni miaka 75. Asiyetoa hutozwa asilimia 25 ya kiasi alichotakiwa kutoa, au asilimia 10 akirekebisha mapema. Kabla ya sheria ya Desemba 2022, adhabu hiyo ilikuwa asilimia 50.

Mjane anayeiacha akaunti kwa jina la marehemu ambaye alikuwa hajafikia umri huo hana haja ya kutoa chochote hadi mwaka ambao marehemu angeufikia kama angeishi. Yule mume wa miaka 58 alizaliwa 1967, na angefikisha miaka 75 mwaka 2042. Mke wake atakuwa na miaka 69 wakati huo, na atakuwa amekwisha kuivuka zamani ile 59 na nusu. Faida hii haiwahusu wajane vijana pekee. Mama wa miaka 76 aliyefiwa na mume wa miaka 68 akiichukua akaunti iwe yake ataanza kulazimika kutoa mara moja, kwa sababu yeye mwenyewe ameshapita miaka 73, lakini akiiacha kwa jina la mumewe ana miaka kama mitano ya kupumua. Kwa hiyo wanaofaidika na akaunti ya urithi ni mjane aliye mdogo sana na mjane aliye mkubwa kuliko marehemu, na wale wa katikati ndio ambao njia ya kuichukua iwe yao huwafaa.

Kiwango cha lazima hupatikana kwa kugawanya salio la mwisho wa mwaka uliopita kwa namba iliyomo katika majedwali ya IRS. Mwenye akaunti wa miaka 73 hugawanya kwa 26.5, hivyo salio la dola 265,000 humlazimisha kutoa dola 10,000. Mnufaika wa umri huo akitumia jedwali la wanufaika, ambalo namba yake ni 16.4, salio hilo hilo humlazimisha kutoa takribani dola 16,160. Zamani tofauti hiyo ndiyo iliyowasukuma wajane wazee kuhamisha akaunti kwa majina yao. Tangu mwaka 2024 sheria inamruhusu mjane, katika hali nyingi, kutumia jedwali lile la kwanza hata kama akaunti imebaki kwa jina la marehemu, kwa hiyo ushauri uliotolewa miaka kumi iliyopita huenda haufai tena.

Kama marehemu alikuwa ameshaanza kutoa viwango vya lazima, na akafariki kabla hajatoa cha mwaka ule, mnufaika ndiye anayepaswa kukitoa, na kodi yake inahesabiwa kwa mnufaika. Katika shughuli za mazishi, hili husahaulika kuliko jingine lolote.

Mwaka wa kifo na mwaka unaofuata

Wanandoa wa Marekani wanaowasilisha ritani ya kodi ya pamoja hutozwa kwa ngazi (mafungu ya mapato, kila fungu na asilimia yake ya kodi) zilizo pana kuliko za mtu mmoja. Kwa mwaka ambao mwenzi amefariki, hata kama ni tarehe 2 Januari, mjane ambaye hajaolewa tena bado anaruhusiwa kuwasilisha ritani ya pamoja kwa mwaka mzima. Akiwa na mtoto anayemtegemea nyumbani, anaweza kutumia ngazi hizo pana kwa miaka miwili zaidi. Asiye na mtoto wa namna hiyo hurudi kwenye ngazi za mtu mmoja mwaka unaofuata, au za mkuu wa kaya kama ana mtegemezi mwingine anayekubalika.

Turudi kwa mama yetu wa dola 240,000, na tuseme mshahara wake ni dola 60,000 kwa mwaka, mumewe alifariki Januari na hakuwa na mapato mengine mwaka huo, na mama hana mtegemezi. Kwa viwango vya mwaka 2025, ambapo punguzo la kawaida (sehemu ya mapato isiyotozwa kodi) lilikuwa dola 31,500 kwa wanandoa na 15,750 kwa mtu mmoja, akiitoa akaunti yote kwa mkupuo katika mwaka wa kifo, kodi yake ya shirikisho itaongezeka kwa takribani dola 47,200. Akifanya hivyo hivyo katika mwaka wa kwanza anaotozwa kama mtu mmoja, kwa viwango hivyo hivyo, nyongeza inafika karibu dola 64,000, kwa sababu sehemu ya fedha hizo itapanda hadi ngazi ya asilimia 35. Akitoa dola 24,000 kila mwaka kwa miaka kumi akiwa mtu mmoja, nyongeza ni kama dola 4,860 kwa mwaka, yaani karibu 48,600 kwa jumla, na wakati huohuo fedha zilizobaki zinaendelea kukua bila kutozwa.

Hesabu hiyo ina funzo ambalo hata baadhi ya wanaojaza ritani kwa malipo hawalitaji. Mwaka wa kifo, pamoja na uchungu wake, mara nyingi ndio mwaka wa kodi nafuu kuliko yote inayofuata. Simaanishi kwamba mtu aitoe akaunti yote, maana fedha iliyokwisha kutoka haikui tena bila kodi na ndugu wakijua ipo benki haikai. Ila kama mjane anajua kuwa atahitaji dola 30,000 au 40,000 katika miezi ijayo, ya kusafirisha mwili au ya kumaliza deni la gari, kuzitoa kabla ya tarehe 31 Desemba ya mwaka ule wa kifo kunaweza kuwa nafuu kuliko kuzitoa Januari.

Kodi za majimbo ni habari nyingine, na zinatofautiana mno. Texas, Florida na Washington hazitozi kodi ya mapato ya mshahara wala ya pensheni. Illinois hutoza mapato lakini haitozi malipo ya akaunti za kustaafu. Mtu anayefikiria kuhama ili akae karibu na ndugu afanye hesabu hiyo kabla ya kutoa, si baada.

Hundi, eda na siku sitini

Tofauti kati ya kuhamisha na kulipwa ni kubwa kuliko inavyosikika. Katika kuhamisha, fedha hutoka kampuni hadi kampuni na mjane hazigusi, hivyo hakuna kodi wala makato siku hiyo. Akilipwa mwenyewe kutoka 401(k), mwajiri analazimika kukata asilimia 20 na kuipeleka IRS. Kwa dola 240,000 hundi itakayofika nyumbani ni ya 192,000. Mjane ana siku 60 za kuiweka katika IRA yake ili isihesabiwe kama mapato, lakini ili asitozwe hata senti, inabidi aweke 240,000 kamili, na hizo 48,000 zilizokatwa azitafute kwingine hadi atakaporudishiwa baada ya kuwasilisha ritani. Ni wachache wenye dola 48,000 zilizolala.

Siku sitini ni chache kwa mtu aliyefiwa. Kwa mjane Mwislamu eda ni miezi minne na siku kumi, na mama anayekaa eda nyumbani, asiyeshughulika na benki, akiweka hundi kwenye droo hadi atakapotoka, atakuta muda umeisha zaidi ya miezi miwili iliyopita. IRS huruhusu mtu aliyechelewa kuandika mwenyewe uthibitisho kwa kampuni ya fedha kwa sababu zilizoorodheshwa, kifo katika familia kikiwa mojawapo, mradi aweke fedha mara tu kizuizi kinapoondoka, na kwa kawaida ndani ya siku 30. Lakini huo ni mlango wa dharura. Kwa nini upitie huko ilhali hakuna anayekulazimisha kuomba hundi? Akaunti inaweza kukaa ilipo hadi eda iishe, na ikiwa ni mwaka ambao hakuna kiwango cha lazima cha kutoa, hakuna kinachoharibika.

Fomu, wosia na mgao wa familia

Hapa ndipo mfumo wa Marekani na mila zetu hugongana waziwazi. Akaunti ya kustaafu haipiti kwenye wosia. Marehemu anaweza kuwa ameandika wosia mrefu unaogawa mali yake kwa haki, lakini kampuni ya fedha itamlipa aliyetajwa kwenye fomu. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya William Kennedy, mfanyakazi wa kampuni ya DuPont aliyekuwa ametalikiana na mkewe Liv. Katika hati ya talaka mke aliachia haki zake juu ya akiba ya uzeeni ya mumewe, lakini Kennedy hakubadilisha fomu. Alipofariki mwaka 2001, karibu dola 400,000 zililipwa kwa mtalaka, na Mahakama ikasema wasimamizi wa mpango walifanya sawa kufuata fomu.

Kwa 401(k), mke au mume wa ndoa ndiye mnufaika kwa sheria ya shirikisho, hata kama fomu inataja kaka wa mwajiriwa, isipokuwa mwenzi huyo ameridhia kwa maandishi mbele ya shahidi anayetambulika. Ulinzi huo haupo kwa IRA, ingawa majimbo kama California na Texas yana sheria za mali ya pamoja ya wanandoa. Kwa maana hiyo, mtu anayehamisha 401(k) ya zamani kwenda IRA anamwondolea mwenzake ngao, pengine bila wote wawili kujua. Na kama hakuna aliyetajwa kabisa, akaunti inaweza kuangukia kwenye mali ya marehemu kwa ujumla, ambako aliyefariki kabla ya umri wa kutoa kwa lazima huacha akaunti inayotakiwa kumalizwa ndani ya miaka mitano.

Ndoa yenyewe inapaswa kuthibitishika. Ndoa iliyofungwa Kenya au Tanzania na ikawa halali huko hutambuliwa, lakini kampuni itataka cheti, na wengi waliofunga ndoa ya kimila au kwa kadhi bila kuisajili hulikuta tatizo hilo siku ya msiba. Ndoa ya mitala haitambuliwi Marekani. Mke wa pili aliyetajwa kwenye fomu ya IRA atapata fedha, ila kwa kawaida kama mtu baki, na kwa hiyo atafungwa na ile miaka kumi.

Kisha kuna mgao wa familia. Tuseme kikao cha baada ya arobaini, kiwe Tanga au Mombasa, kinaamua kwamba fedha za Marekani zigawanywe kwa faraidhi, wazazi wa marehemu wapate fungu lao na watoto lao. Uamuzi huo ni wa kidini na kifamilia, nami sina la kusema juu yake. Lakini kwa IRS aliyetajwa kwenye fomu ndiye aliyepata mapato. Mjane akitoa dola 100,000 na kuwapa wakwe zake nusu, atatozwa kodi juu ya laki moja kamili, na kile alichowapa kitahesabiwa kuwa zawadi kutoka kwake. Akimpa mtu mmoja zaidi ya dola 19,000 katika mwaka 2025, anapaswa hata kuwasilisha fomu ya kodi ya zawadi, ingawa mara nyingi hakuna kodi inayolipwa. Wanaokaa katika kikao hicho wajadili basi kiasi kinachobaki baada ya kodi.

Mjane asiyetaka kuchukua fungu lote ana njia moja safi, nayo ni kulikataa kwa maandishi ndani ya miezi tisa tangu kifo, kabla hajanufaika na sehemu ile anayoikataa. Fungu hilo humwendea mnufaika wa akiba, yaani wa pili aliyetajwa na marehemu endapo wa kwanza hatapokea, pamoja na kodi yake. Hawezi kuchagua limwendee nani. Kama marehemu hakutaja mnufaika wa akiba, kukataa kunaweza kupeleka fedha mahali ambapo hakuna aliyepataka.

Roth

Akaunti za Roth, zilizoanza mwaka 1998 na kuitwa kwa jina la Seneta William Roth wa Delaware, zina habari fupi na njema. Michango yake ilitozwa kodi ikiingia, na ikitoka haitozwi. Faida nayo hutoka bila kodi kwa mrithi ikiwa imepita miaka mitano tangu marehemu aanze kuchangia. Mjane akiichukua Roth IRA iwe yake, hatalazimika kutoa chochote maisha yake yote, na miaka mitano huhesabiwa kwa aliyeanza mapema kati ya wawili. Kwa kijana wa chini ya miaka 59 na nusu bado kuna sababu ya kuiacha kwa jina la marehemu, kwa sababu faida ikitolewa mapema kutoka Roth yake mwenyewe inaweza kutozwa kodi na adhabu.

Mjane aliyebaki nyumbani

Si kila mjane yuko Minneapolis au Houston. Wapo ambao mume alifanya kazi Marekani miaka kumi na mitano, mke akabaki Arusha au Kisumu, na wapo waliorudi wote wawili wakiacha 401(k) nyuma. Mjane asiye raia wala mkazi wa Marekani kwa mambo ya kodi kwa kawaida hukatwa asilimia 30 kila fedha zinapotoka, isipokuwa kuna mkataba wa kodi kati ya nchi anayoishi na Marekani. Barani Afrika mikataba ya namna hiyo ipo na Misri, Morocco, Tunisia na Afrika Kusini. Hakuna na Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi wala Kongo, na Oman nayo haina. Mjane huyo atatakiwa kujaza fomu ya W-8BEN (ya kuthibitisha kuwa si mkazi wa Marekani kwa mambo ya kodi) na kuomba namba ya mlipakodi kama hana namba ya Social Security, na baadhi ya kampuni husita kumfungulia akaunti mtu anayeishi nje.

Juu ya kodi ya mapato kuna kodi ya mirathi, ambayo kwa raia na wakazi wa kudumu wengi haina maana, kwani kiwango cha msamaha ni dola milioni 13.99 kwa waliofariki 2025 na milioni 15 kwa wanaofariki 2026. Lakini marehemu ambaye hakuwa raia, na ambaye alikuwa amekwisha kurudi na kufanya makazi yake Afrika Mashariki, husamehewa dola 60,000 tu za mali iliyoko Marekani, na msamaha usio na kikomo kati ya wanandoa haumhusu mke asiye raia. Mwenye dola 240,000 huko, akiwa ameshajenga Moshi na hana mpango wa kurudi Marekani, afanye hesabu hii angali hai, pamoja na kuangalia kama fomu aliyoijaza siku ya kwanza ya ajira bado inamtaja mtu anayemkusudia.